Mifuko ya Mama Mwenye Ukumbi

Jocelyne alikuwa na kikaratasi chenye mistari minne, na mistari hiyo ilimnyima usingizi wiki nzima.

Kilitoka kwa Mwalimu Adamu, mtu wa Tanga aliyewafundisha watu wazima kusoma na kuandika jioni, katika chumba cha kanisa mtaani Doornfontein. Mwalimu alikuwa amesoma maktabani barua za watu wa michezo ya kuigiza wa Uingereza, enzi za Malkia Victoria: wenye kumbi, waigizaji, watunzi, wote wakiandikiana kuhusu taa, mavazi, nani acheze nini na nani kamwibia nani mchezo. Akaziunga barua hizo zikawa mchezo mfupi, uonyeshwe Jumamosi mbele ya waumini.

"Na tutafanya kama wao," alisema. "Kila mmoja anapewa maneno yake tu, na mkia wa maneno ya anayemtangulia. Mchezo mzima mtaujua jukwaani."

Basi kikaratasi cha Jocelyne, aliyepewa nafasi ya mama mwenye ukumbi, kilisema hivi:

*...iko wapi, mama?*
Hakuna barua yoyote iliyofika hapa.
*...ulijua haya?*
Mimi sijui lolote.

Mwingine angekariri akalala. Lakini Jocelyne alikuwa amemwekea Mungu nadhiri: siku arobaini neno la uongo lisitoke kinywani mwake, ili dada yake Brigitte, aliyelazwa Lubumbashi, ainuke kitandani. Jumamosi ilikuwa siku ya thelathini na nane. Je, barua ilifika au haikufika? Mama huyu alijua au hakujua? Kikaratasi kilikuwa kimya kama jiwe.

Alimwendea Pasta Marcellin.

"Mchezo ni mchezo, Mama Jocelyne," alisema Pasta. "Mungu anajua unaigiza." Kisha akakuna kidevu. "Lakini nadhiri nayo ni nadhiri."

Jocelyne alitoka pale na mashaka mawili badala ya moja.

Akamwandikia Mwalimu barua, kwa mkono wake, ya kwanza maishani isiyo ya zoezi. Jibu lilimjia limekunjwa vizuri:

*Kwa Mama Mwenye Ukumbi. Nimepokea barua yako. Wale wa zamani hawakuambiwa, nawe hutaambiwa. Mavazi yawe tayari Ijumaa. Wako mtiifu, Adamu, msimamizi.*

Mavazi aliyashona yeye, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ushonaji, kwenye kibanda chake karibu na Joubert Park. Alhamisi akaja Vuai, mlinzi kutoka Zanzibar, kujaribu koti lake la mtunzi wa michezo.

"Vuai, kaka yangu, nionyeshe karatasi yako."

"Bi Jocelyne, nimeapa simsomei mtu."

"Sijasema unisomee."

Vuai alifikiri. Akaitoa karatasi, akaiweka juu ya cherehani, akageuka kutazama barabara. "Wallahi sijamsomea mtu," alisema.

Jocelyne aliinama, akifuata herufi kwa kidole. *...mfukoni mwako*, ulisema mkia mmoja. Na chini yake maneno ya Vuai: *Mama, wewe ulijua haya?*

Kumbe barua imo mfukoni! Lakini mfuko wa nani? Mkia haukusema nani anamwambia nani, ila anayeulizwa ni mama. Basi lazima ni mfuko wake. Ni yeye aliyeificha, na ni yeye atakayesimama mbele ya kanisa akane.

Alipiga magoti palepale kati ya vipande vya kitambaa, akaomba. Alipoinuka alikuwa na shauri moja: barua haiwezi kufichwa mahali pasipoingia mkono. Akaishona mifuko ya gauni lake ikafungika kabisa. Kisha, kwa kuwa hakuwa na hakika, akashona na ya koti la Vuai, na ya joho la Murielle, msusi aliyecheza mke wa mtunzi. Penye shaka, shona.

Jumamosi mchana chumba kilijaa. Vuai alisimama, akanyoosha mkono: "Barua ya mke wangu iko wapi, mama?"

Jocelyne alijipapasa gauni kushoto na kulia. Hamna mfuko, hamna barua. "Hakuna barua yoyote iliyofika hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa safi.

Hapo akaingia Murielle, barua kaificha kiganjani, kama alivyofundishwa. "Mume wangu, haikupita posta. Niliitia mwenyewe mfukoni mwako!" Akamwendea Vuai, apenyeze mkono ajifanye anaitoa. Mkono ukateleza. Akajaribu upande wa pili.

"We Murielle, unanitekenya," Vuai alinong'ona.

"Umeshonwa!" Murielle akasema kwa sauti. "Jamani, mfuko umeshonwa!"

Jocelyne akaelewa. Kumbe mama mwenye ukumbi hakuwa mwongo. Barua haikumfikia, na habari zake hakuzijua. Maneno yote mawili yalikuwa kweli tangu mwanzo.

Vuai, asiyejua jambo lingine ila karatasi yake, alimgeukia. "Mama, wewe ulijua haya?"

*Mimi sijui lolote.* Maneno yalikuwa tayari ulimini. Kabla ya Alhamisi yalikuwa ya kweli. Leo, kwa sindano yake mwenyewe, yalikuwa uongo.

"Sema hujui!" Mwalimu alimhimiza nyuma ya pazia. "Mama Jocelyne, sema hujui!"

Akilini alimwona Brigitte kitandani.

"Najua, Mwalimu," alisema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Mifuko nimeishona mimi. Niliogopa kusema uongo."

Vuai alitazama huku na huku, kisha akasema mstari wake wa mwisho, kwani hakuwa na mwingine: "Basi namwandikia wakili leo hii!"

Chumba kikaangua kicheko, mwanamke mmoja mbele akapaza "Amina!", wengine wakapiga makofi. Pasta Marcellin alicheka kwanza, kisha akaacha, kisha akapiga makofi naye.

Jocelyne hakuelewa walichokifurahia. Alikaa kwenye kiti cha mwenye ukumbi, mikono mapajani, akingoja mtu amwambie kama mchezo umekwisha.