Alama Nyuma ya Jiko

Jiko lilikuwa limetandazwa sakafuni vipande ishirini na vitatu, kila kimoja na namba yake ya chaki, na mke wa dereva alikuwa amekaa katikati yao, masizi mpaka kwenye kope.

"Upo?" sauti iliita kutoka sebuleni.

"Nipo, baba."

Miaka minne alikuwa akijibu hivyo. Baba mkwe wake, karani mstaafu, alikuwa na sheria moja tu katika nyumba ile, nayo ilitosha kuwa zote: moto hauachwi peke yake. Mji wao ulikuwa wa baridi mwaka mzima, na jiko lile kuukuu la kuni ndilo lililopasha vyumba vyote, kwa hiyo moto uliwaka kutwa, na aliyeuchunga hakutoka. Hata sokoni alikwenda mzee mwenyewe. Zamani moto ulichungwa na mama mkwe. Miguu ya mama mkwe ilipogoma, mwaka ule ule mzee aliostaafu, mke wa dereva alikabidhiwa koleo la majivu kama askari anavyokabidhiwa zamu, ila zamu hii haikuwa na wa kuipokea. Mumewe aliishi barabarani na lori lake. Alikuja siku tatu, akasifu joto, akaondoka.

Mtaa wa pili, katika duka la ushonaji, cherehani ya dirishani ilikuwa ikimsubiri. Kazi ya mchana tu, saa nane hadi saa kumi na moja. Mwenye duka alimtumia ujumbe wazi kwamba asipofika Jumatatu, Jumanne atakaa mtu mwingine. Ndiyo maana jiko lilipoanza kuvuja moshi na mzee kukohoa, alijitolea kulitengeneza mwenyewe. Alijidanganya kwamba jiko likipona halitahitaji mlinzi.

"Jiko zima ndilo la kuchungwa zaidi," mzee alisema alipodokezwa. "Bovu linazimika lenyewe."

Akarudi kusugua.

Alisugua siku mbili kwa brashi ya waya. Fundi wa vyuma wa jirani alimwelekeza akiwa dirishani: kutu itolewe mpaka chuma king'ae, viungo vizibwe kwa udongo uliochanganywa na majivu, mlango uzungushiwe kamba mpya isiyoungua. Kidogo kidogo akaanza kulielewa. Moshi haukupanda moja kwa moja. Ulizungushwa kwanza ndani ili uache joto lake. Na moto haukula kuni tu, ulikula hewa, na hewa hiyo iliingia kwa kilango kidogo cha kuteleza, chini kabisa kwa nyuma, mahali panapofikika kwa kupapasa.

"Hicho kilikufa zamani," mzee alikuwa amemwambia. "Kimeganda tangu tunahamia."

Alikigusa kwa kidole gumba. Kikateleza bila hata mlio.

Akaleta taa. Kila kitu nyuma ya jiko kilikuwa kimeliwa na kutu isipokuwa kilango kile. Kingo zake zilikuwa na mafuta yaliyokauka, na pa kuwekea gumba palikuwa pamelainika. Pembeni mtu alikuwa amekwaruza alama kwa ncha ya msumari.

Jumamosi jiko likasimama. Aliwasha, akatia gogo moja nene, akasogeza kilango hadi kwenye alama, kisha akakaa kwenye kigoda asiguse kitu. Saa nane. Saa tisa. Saa kumi. Ilipofika saa kumi na moja gogo lilikuwa bado jekundu na nyumba imejaa joto. Mchana mzima moto haukumhitaji mtu.

Akampelekea mama mkwe chai, akafunga mlango wa chumba.

"Mama, kile kilango nani alikuwa anakipaka mafuta?"

Mama mkwe alitazama ukutani. "Umekiona."

"Na alama nimeiona."

"Usikipitishe hapo. Ukikipitisha, moto unazimika."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Stesheni. Baba yenu akiwa kazini, nakaa kwenye benchi naangalia watu wenye safari. Kumi na moja nimesharudi, nimejipaka masizi." Uso ulimchangamka kama wa msichana. "Miaka kumi na minane, mwanangu. Hakujua hata siku moja."

Mke wa dereva hakuchangamka. Hasira zilimpanda. "Na mimi je? Miaka minne unanisikia hapo, nipo, nipo, kama kasuku. Ukanyamaza!"

Mama mkwe alivuta shuka, akaiachia.

"Ningekwambia, ungetoka," alisema. "Mimi hata mlangoni sifiki. Nilikuwa nakusikia unakoroga majivu, najiambia, haya, tupo wawili."

Alimwelewa, na kumwelewa kulimuudhi zaidi. Akachukua kikombe, akatoka bila kuaga.

Jumatatu, saa nane kasoro, alisogeza kilango hadi kwenye alama. Moto haukuwa tena shida. Enzi za mama mkwe, mzee alikuwa ofisini. Sasa alikuwa kwenye kiti chake, hatua kumi kutoka jikoni, na huita kila anapozinduka usingizini. Mke wa dereva alilijua hilo, lakini akavaa viatu, akanyata mpaka mlango wa nyuma, akashika komeo.

"Upo?"

Alifungua kinywa kutoa neno lake la siku zote, na kabla halijatoka, sauti ikapaa kutoka chumbani kwa mama mkwe, kavu, ya mtu ambaye hajapaza sauti kwa miaka.

"Yupo! Anakoroga majivu. Kwani akimbilie wapi?"

"Aa," mzee akasema, na kiti kikalia kikimpokea tena.

Mke wa dereva aliinua komeo kwa mikono miwili. Nyuma yake, chumbani, kijiko kilianza kukwangua bakuli la bati kama koleo kwenye majivu, taratibu, kikipumzika, kikianza tena.