Mume Wangu Alivyogongwa Muhuri wa Ndege

Mume wangu hailambi stempu. Naanza na hilo, maana usipolijua hutaelewa namna mtu mzima mwenye wajukuu alivyoishia ndani ya mfuko wa barua.

"Ulimi una maji mengi mno," husema. "Gundi inavimba, stempu inakunjamana kama uso wa mtu anayemeza dawa." Yeye ana upara mpana, unang'aa kama sahani iliyosuguliwa, na upara huo hauishi kijasho chembamba. Basi stempu huitandika utosini kwanza. Huiacha pale ikipata unyevu wake taratibu, huku ananyoosha bahasha kwa kiganja na kupima pembe zake kwa jicho moja. Halafu huibandua kwa kibano na kuiweka mahali pake. Inakaa kama ilizaliwa hapo. Kwa ajili ya hicho kibano, ambacho hakiachi hata akienda kuoga, wenzake wa chama wanamwita Kibano.

Chama chenyewe ni cha wakusanyaji wa bahasha za ndege. Si bahasha yoyote tu unayookota. Wanataka zile zilizosafiri zamani, wakati ndege zilikuwa na mabawa ya turubai na rubani anatoa kichwa nje kuangalia njia. Mbele bahasha iwe na stempu na muhuri wa kuondoka. Nyuma iwe na muhuri wa kufika. Ikiwa na ule wa kuondoka peke yake, kwao hiyo bado iko safarini, hata kama imelala kabatini tangu enzi za babu yao. Mambo haya sikuyaomba, yameniingia tu kwa kuishi nayo. Chumbani kwetu kuna makabati mawili, moja la bahasha na la pili la bahasha nyingine. Nguo zetu ziko kwenye sanduku uvunguni.

Sasa, posta ikatangaza muhuri maalumu. Ungegongwa siku moja tu, kukumbuka ndege ya kwanza iliyoleta barua mjini kwetu, kisha uvunjwe kwa nyundo mbele ya watu ili asije mtu akauiga. Na ndege kuukuu ya mabawa mawili juu, mawili chini, ingebeba mfuko wa barua hadi mji wa pili na kurudi. Mume wangu hakula vizuri wiki nzima. Siku yenyewe nikamsindikiza, maana akiwa katika hali ile anaweza kuvuka barabara akiangalia bahasha.

Tulikuta chama chote kimejipanga, kila mmoja ameshika bahasha yake kwa ncha za vidole kama ameshika kipepeo. Dirishani alikaa karani mwenye mabega mapana. Kati yake na watu kulikuwa na kioo, na chini ya kioo tundu la nusu duara ambamo bahasha zinapitishwa. Muhuri ulikuwa mpya, wino ulikuwa haujaukubali. Ya kwanza ilitoka bila mkia wa ndege. Ya pili ikatoka doa.

"Karani, hii ndege yangu ina bawa moja!"

"Gonga, kaka, usipapase!"

"Unagonga au unabembeleza?"

Karani akanuna. Akaongeza wino, akakaza mkono, akaacha kabisa kutazama. Kazi yake ikawa moja: kikipita tunduni kitu chenye stempu, anashusha muhuri.

Zamu yetu ikafika. Mume wangu akatandika stempu utosini, akanyoosha bahasha juu ya kaunta. Ndipo wasiwasi wa wino ukamshika. Akainama, akaingiza kichwa kwenye lile tundu ili achungulie kile kidau cha wino.

Paa!

Alipokitoa kichwa, posta nzima ilinyamaza. Mimi nilidhani ameumia. Nikamsogelea, na Mwenyekiti wa chama, mzee mrefu mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja shingoni, akanidaka mkono.

"Shemeji, usimguse! Utauharibu!"

Kwa kweli muhuri ulikuwa umetoka. Duara limefunga bila pengo, herufi zote zinasomeka, ndege ina mabawa yake yote manne na kimkia, na robo ya muhuri imeipanda stempu sawasawa, kama wanavyotaka. Mmoja wao akavua kofia. Mwingine alikuwa anafuta machozi kwa leso ambayo, nadhani, haikuwa yake.

"Nini?" mume wangu akauliza. "Umetokaje? Mbona hamsemi?"

Mwenyekiti akamletea kioo cha mfukoni. Nimeishi na mwanamume yule, nimemwona akishika watoto wetu siku walipozaliwa. Alivyojitazama kwenye kile kioo, ndivyo alivyowatazama wao.

"Haya, umeshajiona," nikasema. "Twende nyumbani ukanawe."

Chama kizima kikapiga kelele kama nimetaka kumchinja. Kelele hizo ndizo zilizomtoa postamasta ofisini, mtu mfupi, shati limechomekwa vizuri, kalamu sikioni. Akamzunguka mume wangu mara moja.

"Ina stempu?"

"Ina," akajibu karani.

"Imegongwa?"

"Nimeigonga mwenyewe, bosi."

"Basi ni barua."

"Ni mume wangu," nikamwambia.

"Ilikuwa hivyo asubuhi, mama. Kikishagongwa kinakuwa mikononi mwa posta mpaka kifike. Hata mimi ningegongwa, ningejipeleka."

"Kifike wapi?"

Akashusha pumzi. "Hapo ndipo pagumu. Haina anwani."

Wakampitisha nyuma ya kaunta, wakamsimamisha kwenye mizani ya vifurushi. Akasimama wima kama askari, mikono ubavuni, asije akatikisa kichwa. Nikamwita kupitia kioo cha dirisha: "Baba watoto, shuka hapo!" Akanijibu kwa kusogeza midomo tu, kwamba kwa sasa hawezi, yuko kwenye utaratibu.

Mwenyekiti akawa ameshabana tumbo lake kwenye kaunta. "Andikeni anwani ya chama! Ukumbini kwetu kuna kabati la kioo, refu, limeshasafishwa. Mwanga hafifu, wino usipauke. Tutamwekea kiti chenye mto. Chakula tutamlisha kwa kijiko, tena kilichopoa, asitoke jasho."

"Na akitaka kujikuna?" nikauliza.

"Tutamkuna sisi, shemeji. Kwa brashi ya manyoya."

Postamasta akasema ukweli wote, na namshukuru kwa hilo. Barua inakuwa ya yule ambaye anwani yake imeandikwa. Wakiandika chama, ni mali ya chama, wala mimi sitakuwa na neno. Isipoandikwa kitu, itawekwa chumba cha barua zisizo na mwenyewe, kule uani, pamoja na mwavuli mmoja na seti ya meno ya bandia.

"Anayeandika anwani ni nani?" nikauliza.

"Mtumaji."

"Mtumaji wake nani?"

Wakatazamana. Stempu aliinunua mwenyewe. Aliibandika mwenyewe, kwa namna yake.

"Kwa hiyo mtumaji ndiye barua?" karani akauliza.

"Kanuni haikatazi," akasema postamasta. Akaitoa kalamu sikioni, akampa mume wangu. "Mzee, andika. Mfuko unafungwa sasa hivi, rubani ameshapasha injini moto."

Mume wangu akaishika kalamu. Akamtazama Mwenyekiti, akanitazama mimi, na nikaona kabisa kwamba anafikiria. Hilo liliniuma kuliko yote. Kwamba ni jambo la kufikiria.

"Mama watoto," akasema taratibu, "kabati la kioo, unajua... Watu watakuja kunitazama. Kutoka mbali watakuja."

"Na mimi je? Mimi sikutazami?"

"Wewe umenizoea."

Nilitaka kumjibu kwa ukali na maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikayameza. Nikasema lile lililokuwa chini yake.

"Umepeleka bahasha dunia nzima. Unajiandikia mwenyewe, unajipostia, unakwenda kujipokelea, unashangaa kana kwamba hukutarajia. Mimi hujanitumia hata moja. Na tunakaa nyumba moja, tarishi anaijua njia."

Akafumba na kufumbua macho. "Ulikuwa unataka?"

"Ulikuwa hujauliza."

Karani akajifanya anapanga raba zake za kufungia barua.

"Andika unapotaka kufika," nikamwambia. "Mimi sitakushikia mkono." Nikakusanya mkoba wangu nikatoka, sikugeuka nyuma. Ningegeuka, ningemsomea anwani herufi kwa herufi, na hapo angekuja nyumbani kwa kutumwa.

Nyumbani sikuwa na raha. Nilifagia ua ambao tayari ulikuwa umefagiwa. Nikachukua sufuria kubwa nikaisugua masizi mpaka ikaanza kunionyesha sura yangu, nikaiweka chini maana sura yenyewe haikuwa ya kutazamwa. Ndege ikapita juu ya bati letu ikilia kama cherehani inayoshona turubai. Nikatoka nje nikapunga kitambaa cha vyombo. Jirani akaniuliza, "Nani anasafiri, mama?" Nikamwambia napunga nzi.

Halafu ikarudi, ikatua, na hapo ndipo kusubiri kwenyewe kulipoanza. Kutoka posta barabara inakuja moja kwa moja hadi kwa fundi viatu. Pale inagawanyika: kulia ni ukumbi wa chama, kushoto ni kwetu. Nilikaa kizingitini, nikatega sikio. Muda si muda nikaisikia kengele ya baiskeli ya tarishi. Ikaja, ikaja, ikafika kwa fundi viatu, ikanyamaza. Nikamsikia fundi anauliza kitu, watu wakacheka. Nikashika mwimo wa mlango.

Kengele ikalia tena. Ilikuwa karibu zaidi.

Tarishi alikuwa analowa jasho. Nyuma kwenye keria alikuwa amempakia mume wangu, amevishwa mfuko wa barua hadi kwapani na kufungwa kamba ya vifurushi yenye lakiri, shingo ameinyoosha kama mtu aliyebeba mtungi. Nyuma yao chama chote kwa miguu, kimya, Mwenyekiti mbele na mwavuli mkononi, anajitahidi kumfunika.

"Shikamoo, bibi. Una barua ya ndege. Naomba uisome anwani uhakikishe ni yako, maana njiani nimesumbuliwa sana na hawa."

Iliandikwa kifuani, juu ya shati jeupe, kwa ule mwandiko wake mzuri anaouweka kwa ajili ya bahasha peke yake. Macho yangu si ya zamani, nikaisoma polepole: *Kwa mke wangu. Yuko jikoni. Tumia mlango wa nyuma, wa mbele kitasa ni kibovu, nimeahidi kukitengeneza.*

Nikamzunguka, kama wanavyofanya wao. Nikatazama pembe, nikatazama mbele. Kisogoni kulikuwa na muhuri wa kufika, umepinda, nusu yake haionekani.

"Huu wa nyuma haukutoka vizuri."

"Nilikuwa natetemeka," akasema kwa sauti ndogo. "Kule juu hakuna cha kushika, mama watoto. Nilimshika rubani."

"Unaipokea, bibi, au irudi kwa mtumaji?" tarishi akauliza.

"Ikirudi kwa mtumaji itakwenda wapi?"

Akafikiri. "Itakaa hapo hapo kwenye keria, nadhani."

Nikatia sahihi. Wakakata kamba, mume wangu akatoka kwenye mfuko mguu mmoja mmoja, akapitia mlango wa nyuma kama ilivyoandikwa. Nikafunga. Mara Mwenyekiti akatokea dirisha la jikoni, miwani yote miwili amevaa machoni.

"Shemeji, nakuomba kama ndugu. Usimwoshe."

Mume wangu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, vumbi la safari usoni, mafuta ya injini masikioni, ananuka kama gereji. Hakumtazama Mwenyekiti. Akainamisha kichwa mbele yangu, akafumba macho.

"Mimi nimefika," akasema. "Fanya utakavyo."

Nikachota maji ya vuguvugu kwenye beseni, nikachukua kitambaa laini na sabuni kidogo. Nikaanzia shingoni, nikapanda nyuma ya sikio la kushoto, nikaingia ndani ya mikunjo, nikazunguka paji la uso, nikashukia sikio la kulia. Nilipokaribia duara nikakikunja kitambaa mpaka kikabaki na ncha kama ya penseli, nikapita pembezoni mwa mstari bila kuugusa, kipande kwa kipande, nikimwambia asipumue.

"Taratibu, shemeji," Mwenyekiti akanong'ona dirishani. "Hapo kwenye bawa. Taratibu."

Nikanyoosha mkono wenye povu, nikamvutia pazia.