Chupa Kumi na Nane za Sindano

Mwezi wa nane wa mwaka 1986 ukungu wa Nunguni ulikataa kabisa kutuachia jua, na mimi nilikuwa nimechoka. Sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nilikuwa nimefanya kazi miaka ishirini na miwili katika maabara ya shule ya wasichana, magoti yalinilia kila nikipanda kilima, na nyumbani matuta ya shamba yaliyobomolewa na mvua yalinisubiri mimi peke yangu. Juu ya hayo yote nikafanywa mlezi wa buibui.

Wenyewe walikuwa wa Mwanahamisi, msichana wa kidato cha tatu, binti wa mwenye duka huko Kibwezi. Kwao kuna wale buibui wakubwa wa manyoya wanaokaa mashimoni. Alimfukua mmoja akiwa na mfuko wake wa mayai, akamleta shuleni ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo, na mayai yakaanguliwa. Alitaka kuonyesha kwenye mashindano ya sayansi kwamba watoto wa buibui wa nchi ya joto wanaweza kukuzwa kwenye baridi yetu. Walibaki kumi na wanane, kila mmoja kama punje ya ufuta yenye miguu. Kila mmoja alikaa peke yake, maana ukiwaweka pamoja wanalana. Nyumba zao zilikuwa chupa ndogo za sindano kutoka zahanati, mpira wa juu umetobolewa kwa sindano ya moto, na chini mchanga laini uliokaangwa usibaki na mdudu.

Siku ya kufunga shule alinikabidhi katoni ya chupa hizo pamoja na daftari.

"Mama Syokau, nimeandika kila kitu humu. Page ya kwanza na ya pili. Utasoma?"

"Kwani nimeanza kusoma leo?" nikamjibu kwa ukali.

Ukali ule ulikuwa wa kujificha. Biblia ya Kikamba naisoma bila kukohoa, Kiswahili nakisoma pia. Kizungu sikijui. Asidi naitambua kwa harufu na uzito wa chupa, dawa nyingine kwa rangi ya kizibo, na mwalimu akitaja jina mkono wangu unajua rafu yenyewe. Nimeishi hivyo bila mtu kugundua. Lakini mwaka ule ilikuja barua kwamba wafanyakazi wote wa maabara watapimwa Kizungu, na atakayeshindwa aende nyumbani. Nilikuwa nalala na barua hiyo kichwani.

Mwanahamisi angeweza kuniandikia Kiswahili kizuri, ni lugha ya kwao. Lakini pale shuleni msichana akishikwa na lugha isiyo Kizungu alivishwa kibao shingoni siku nzima. Wakiwa nasi wafanyakazi, wasichana waliongea Kiswahili huku wakiangalia nyuma, na wakishika kalamu ilitoka Kizungu tu.

Basi nikawalea kwa akili yangu. Nilivundisha ndizi kwenye bakuli ili nipate vile vinzi vidogo vidogo. Vikikosekana nilikamata nyenje, nikamkata mguu, nikaugawa kwa wembe na kusukuma kipande ndani ya chupa kwa ncha ya unyoya wa kuku. Kisha tone moja la maji ukutani mwa chupa. Mara kumi na nane, macho yamenitoka, kando ya jiko la makaa ndani ya stoo ya maabara. Nilipanda kile kilima kila siku ya Mungu, hata Jumapili baada ya kanisa, nikishuka jioni sina nguvu ya kumenya kiazi. Niliwatukana wale viumbe, sitaki kudanganya. Lakini mmoja akirukia kinzi nilikuwa nacheka peke yangu.

Wiki ya tatu wakaanza kukataa kula. Mmoja alijiziba ndani ya utando, mwingine akafifia rangi. Nikaongeza makaa. Nikaongeza chakula. Asubuhi moja nikamkuta wa kwanza amelala chali, miguu juu, kimya. Nililifungua daftari nikayatazama yale maandishi mazuri ya Mwanahamisi yaliyonyooka kama mistari ya mahindi, nikalifunga. Wa kumuuliza alikuwepo, Mwalimu Kilonzo wa baiolojia, nyumba yake haiko mbali. Lakini ningemwambia nini? Angelisoma daftari, anitazame, aniulize kama mimi silioni.

Nikammwaga yule buibui kwenye jivu, nikaiosha chupa kwa maji ya moto. Kesho yake wawili. Wa nne nilipommwaga niliona kama amekunja mguu, nikajiambia ni upepo. Hadi shule inafunguliwa nilikuwa nimemwaga kumi na mmoja.

Mwanahamisi alikuja stoo hata kabla ya kupeleka sanduku lake bwenini. Alihesabu chupa zenye uhai, akahesabu tena.

"Saba?"

"Walikufa," nikasema. "Nililisha kila siku. Walikufa tu."

Hakulia. Alikaa kwenye kreti ya soda, mikono mapajani.

"Basi ni baridi," akasema. "Mwalimu Kilonzo aliniambia, nikajifanya najua. Project yangu ni bure. Wacha nimwambie nimejitoa, asiniandike kwa list. Pole mama, nimekusumbua holiday yote."

Pale ningeweza kunyamaza. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri: baridi ndiyo iliyoua, mimi ni mama mwema, na kipimo cha Kizungu ningekikuta mbele ya safari. Lakini yule mtoto alikuwa ananiomba msamaha, mimi, na nikaona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Sio baridi," nikasema. "Hiyo kitabu yako sikusoma. Sijui Kizungu, Mwanahamisi. Sijawahi kujua."

Alinitazama, kisha akautazama mlango, kama mtu anayeogopa kwamba wamesikia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nisomee sasa. Nataka kujua nilikosea wapi."

Alilifungua. Alisoma ukurasa wa kwanza akigeuza kwa Kiswahili, habari za mchanga na maji, na yote nilikuwa nimeyafanya sawasawa. Kwenye ukurasa wa pili sauti yake ikapungua.

"Akikataa kula, mwache. Akijiziba, usifungue. Akilala chali na miguu juu, usimguse wala usitikise chupa. Hajafa. Anavua ngozi ili akue."

Nilishika rafu. Nilitaka aseme nimewaua, nimemharibia. Alifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Imebaki mstari mmoja," akasema.

"Soma."

"Kulisha mara moja kwa wiki inatosha. Kwa hivyo mama usipande kilima kila siku, magoti yako yapumzike."