Sufuri Tano

Baba alitema mate kwenye leso, akaikunja, akapangusa kioo cha mita ya kilomita kwa upole ambao sijawahi kumwona akimwonyesha binadamu. Mate yakaacha mstari. Akatema tena.

"Tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tatu," akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma Zaburi mbele ya maiti.

Hiyo ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa tisini na nne, mtaa wa Tena, Nairobi. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi kutoka bweni na adabu yote niliyofundishwa huko, ambayo haikuwa nyingi. Pikapu yetu, Peugeot kuukuu, Baba aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali, na tangu hapo ilikuwa ikibeba matumbo ya ng'ombe kutoka machinjioni hadi soko la Burma. Maji ya matumbo yalipenya chini ya mbao, yakakauka, yakalowa, yakakauka tena, hadi gari lenyewe likawa kama kiungo cha ndani cha mnyama. Siku ya wazazi shuleni, nzi walifika kabla ya Baba. Niliwaambia wenzangu kwamba huyo ni mtu wa kuzoa makombo ya jikoni. Waliamini haraka kuliko nilivyotarajia.

Mita ile ilikuwa na nafasi za tarakimu tano tu. Ikishafika tisa tupu, ingegeuka na kuwa sufuri tupu, na Baba aliingoja siku hiyo jinsi wengine wanavyongoja kiyama. Wanaume wenye pikapu pale mtaani walikuwa wakikutana Jumamosi kujitapa kwa kilomita za magari yao, kama wazee wanaoonyeshana makovu ya vita. Baba alitaka kuwanyamazisha wote. Alikwishatangaza kanisani: Jumapili baada ya ibada, Mzee Maingi wa kanisa angeomba, kisha tungezunguka mtaa polepole, watu wakishuhudia. Aliazima hata kamera. Na ili zile kilomita zisipotee ovyo, aliacha kubeba matumbo wiki nzima. Tulikula mshahara wa Mama, karani, huku Baba akilipangusa gari kwa mate.

"Ina umri wa ndoa yangu hiyo gari," Mama alimwambia akipiga pasi. "Nani alikwambia hii ni mara ya kwanza mita kugeuka?"

Baba akachukua leso yake, akatoka nje.

Jumamosi, mchana wa jua kali, Mirriam wa nyumba ya pili alikuja akishika ukuta. Mumewe, Njogu, alikuwa mazishini Nyeri. Gauni lake lilikuwa limelowa hadi kwenye viatu, na siku zake za kujifungua zilikuwa bado.

"Baba Mwongeli, washa gari," Mama akasema.

Baba alitazama pikapu, akamtazama Mirriam. Niliona midomo yake ikipiga hesabu.

"Pale steji hakukosi teksi."

"Washa gari."

Gari halikuwa na habari ya kuwashwa. Lilikuwa la kusukumwa. Vijana wa kona wakaja. "Niaje, Mzee? Si ulisema ni kesho?" Baba akaingia, akashika usukani. Mirriam alikaa dirishani, Mama katikati, mimi nyuma juu ya gunia lililokakamaa kwa mafuta ya utumbo. Dirisha la nyuma lilikuwa karatasi ya nailoni iliyochanika, kwa hiyo nilisikia na kuona kila kitu, ingawa sikuomba.

Aliendesha macho yakiwa kwenye dashibodi. Tulipoingia barabara ya Jogoo, zile tisa zilikuwa zimekamilika. Baba akakata kando, akasimama. Injini ikazima, kama kila mtu mle ndani alivyojua ingezima.

"Dakika moja tu," akamwambia Mirriam, ambaye alikuwa ameuma mkanda wa mkoba wa Mama. Akatoa kamera chini ya kiti. "Imebaki kidogo sana. Isije ikatupita."

Nimekula maharagwe ya bweni yenye wadudu wakubwa kuliko maharagwe. Nimeosha vyoo vya shule kwa adhabu, muhula baada ya muhula. Sikuwahi kuwa na ladha mdomoni kama ile.

Mama hakupaza sauti. "Shuka usukume. Mimi nitashika usukani."

Leseni alikuwa nayo miaka mingi. Gari ndilo alilonyimwa. Baba alidhani wamepatana. Akashuka, kamera shingoni. "Lakini uende polepole. Nitakimbia hapa kando ya dirisha."

Tulisukuma. Injini ikakohoa, ikashika, nami nikarukia nyuma. Baba alikimbia kweli, mkono mmoja mlangoni, mwingine umeinua kamera. "Mama Mwongeli, punguza! Punguza, nasema!"

Mama akabadilisha gia. Mkono wa Baba ukaachana na mlango.

Kupitia ile nailoni niliziona. Tarakimu zote tano zilinyanyuka pamoja, kwa uchovu, kama waumini wanaosimama kwa sala ya mwisho, zikatua sufuri. Mama alikuwa akitazama barabara. Mirriam alikuwa amefumba macho.

Mtoto alizaliwa kwenye veranda ya hospitali, nesi akiwa bado anavaa glavu. Msichana. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni, na rangi yake sitaki kuikumbuka. Alikaa bila kulia hata mimi nikasali. Ndipo akalia. "Mngechelewa kidogo," nesi alisema, bila kumalizia.

Jioni Baba alifika nyumbani kwa miguu, vumbi hadi magotini. Alipita mlango wa nyumba, akaenda kwanza kwenye pikapu, akainama dirishani. Hakuuliza habari za Mirriam. Alinikuta bombani nikiosha mikono.

"Ziligeuka pamoja?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ama moja moja?"

Nilimtazama kwa ule uso ninaomwekea mwalimu mkuu.

"Sikuona, Baba. Nilikuwa nakuangalia wewe ukikimbia."

Hakuondoka. Alinisubiri nicheke, kwa maana anajua huwa nacheka nikishamdanganya mtu. Nikachukua sabuni, nikaanza upya kutoka kwenye viwiko.