Mwezi wa Kupumzikia

Kufikia saa mbili asubuhi Mrefu alikuwa ameshashona midomo ya magunia arobaini. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tumbo limemjaa mapajani, vumbi la unga limemganda kwenye nyusi hata akafanana na bibi yake. Kushona ilikuwa kazi ya kukaa, na katika kinu kile cha kusaga unga mwanamke hakupewa kazi ya kukaa mpaka mimba iingie mwezi wa tisa. Kabla ya hapo ni kubeba: gunia la kilo hamsini, wawili wawili, kutoka kwenye mashine hadi kwenye lori.

Ndiyo maana wote waliongeza mwezi. Ukienda kliniki mara ya kwanza, unairudisha nyuma tarehe ya hedhi ya mwisho. Msimamizi anaisoma kadi, anaigonga muhuri wa kinu, unapewa sindano na uzi. Hakuna aliyeuita uongo. Waliuita mwezi wa kupumzikia.

"Leo usirudi bila hiyo chanjo," alisema Mama Pacha, mshonaji aliyekaa ubavuni pake. "Magunia yako nitayashona mimi."

"Wewe mwenyewe miguu imevimba."

"Nashona kwa miguu? Nenda zako!"

Redio ilikuwa imeisema wiki nzima: chanjo mpya, anachomwa mama, mtoto anazaliwa na kinga dhidi ya kirusi kinachobana vifua vya vichanga. Mrefu alikijua kirusi hicho kabla hajalisikia jina lake. Miaka miwili nyuma kilimwingia binti yake wa wiki saba. Siku tatu aliziangalia mbavu zile nyembamba zikizama kwa kila pumzi. Siku ya nne hazikuinuka tena.

Kliniki alikuta foleni imefika ukutani. Zamu yake ilipofika, karani aliifungua kadi, akapitisha kalamu kwenye mistari, akaifunga.

"Mama, umechelewa. Chanjo hii mwisho wiki ya thelathini na sita. Wewe una thelathini na saba."

"Si thelathini na saba, kaka. Ni thelathini na tatu. Tarehe niliitaja vibaya."

"Vibaya kwa mwezi mzima? Mimba ya kwanza hii?"

"Ya pili." Kisha, kwa sauti ya chini: "Wa kwanza aliondoka kwa kifua."

Mkunga aliyekuwa akipita alilisikia hilo, akamlaza Mrefu nyuma ya pazia na kumpima tumbo kwa utepe. "Anasema kweli," aliita. "Thelathini na tatu, si zaidi."

"Utepe hauna muhuri, dada. Kadi ina muhuri wa mwajiri. Kesho nikiulizwa, nitaonyesha utepe? Alete barua kutoka kinuni, nitairekebisha kadi. Ila afanye haraka. Sanduku la chanjo linahamia kituo kingine saa saba."

Ilikuwa saa tano kasoro. Mrefu alitembea kwa kasi, mkono mmoja chini ya tumbo, mpaka jasho likaugeuza unga wa usoni kuwa uji.

Msimamizi alikuwa kwenye mizani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu.

"Kumbe wiki tatu hizi umekaa kwenye ndoo yangu bure."

"Niandikie barua, bosi. Nitarudi kubeba leo leo."

"Kubeba utabeba. Lakini sikubali kuwa mjinga peke yangu. Nitajie mmoja mwingine aliyeongeza. Mmoja tu, nami naandika."

Washonaji wanne waliinamia magunia yao. Mrefu aliwatazama mmoja mmoja. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na lilikuwa la yule aliyemshonea magunia tangu asubuhi. Alifungua mdomo.

"Ni mimi," alisema Mama Pacha. Alichomeka sindano kwenye gunia na kusimama kwa kujikongoja. "Mwandikie mwenzangu, saa inakwenda."

Msimamizi aliandika polepole. Kidau cha wino wa muhuri kilikuwa kimekauka. Akatuma watu wakatafute kingine. Muhuri ulipogongwa, ilikuwa saa saba kasoro robo.

Saa saba na dakika ishirini Mrefu aliiweka barua mbele ya karani. Karani aliisoma yote, hata tarehe.

"Barua nzuri kabisa. Lakini sanduku limeondoka."

"Linarudi lini?"

"Baada ya wiki nne." Alianza kuhesabu kwa sauti, "Thelathini na tatu, ukijumlisha nne..." akanyamaza. Aliitazama kalamu. Halafu, kwa kuwa barua ilikuwapo na ina muhuri, akakata thelathini na saba kwa rula na kuandika thelathini na tatu. "Sasa kadi yako iko sawa."

Mkunga alimsindikiza mpaka mlangoni. Alimwambia anyonyeshe, anawe mikono, asimweke mtoto kwenye chumba chenye watu wengi. Mrefu aliitikia kwa kichwa. Chumba chao walilala sita.

Aliporudi kinuni, Mama Pacha alikuwa nyuma ya lori, ameegemea gunia lililosimama, anahema kwa mdomo wazi.

"Umepata?"

Mrefu aliiona ile miguu. Aliuona unga kwenye kope za mwenzake, na macho yanayomngoja.

"Nimepata," alisema.

"Iliuma?"

"Kidogo tu. Kama siafu."

Mama Pacha alicheka, cheko la mtu aliyepewa kitu chake. "Basi huyu mtoto atatukimbiza humu kinuni na kutumwagia unga. Haya, shika pembe hiyo, bibie, msimamizi yule pale anatutazama."

Mrefu akainama, akashika pembe. Mama Pacha alihesabu moja, mbili, na kwa pamoja wakainua.