Mshipi wa Mtoto

Hollis Tarpley alikuja bandani kwangu mwezi wa tatu na kipande cha uzi mfukoni. Urefu wa uzi ule, alisema, ni mkono wa mjukuu wake Maelyn, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kwa sababu anajua siundi mpini wa fimbo ya kuvulia bila kipimo cha mkono.

Nikaulaza juu ya rula. "Huyu Maelyn ana miaka mingapi vile?"

"Kumi na miwili."

"Kumi na miwili, na mkono umenipita mimi?"

"Anakua kama mahindi, Vee. Mama yake anakoma na viatu tu."

Nikacheka. Nataka ijulikane kwamba nilicheka, maana baadaye watu wamekuwa wakiniuliza kama sikushuku kitu. Sikushuku. Unamshukuje mtu uliyekaa naye kwenye boti moja miaka kumi na tisa?

Kwa asiyetujua: hapa kwetu Eufaula, kando ya ziwa, besi ndiye samaki, wengine ni kitoweo. Mimi na Hollis tulivua pamoja katika mashindano ya wawili wawili ya klabu yetu, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, tangu mume wangu angali hai. Hollis anaendesha boti na kusoma maji. Mimi nachagua. Fimbo zote alizowahi kushika kwenye ziwa lile zimetoka bandani kwangu, na rili, hivyo vigurudumu vya kukunjia mshipi, nimezijaza mimi. Katika miaka yote hiyo Hollis hajawahi kujaza rili moja. Ukimwambia taja uzito wa mshipi anaovulia, atakutazama kama ng'ombe anayetazama treni.

"Unataka fimbo ya namna gani?" nikamuuliza.

"Futi saba. Ngumu, yenye mgongo. Mkono wa rili uwe kushoto, mtoto ana shoto."

"Futi saba ngumu kwa mtoto? Hollis, hiyo ni fimbo ya kung'oa samaki kwenye magogo. Mpe nyepesi, inayopinda, asikie raha."

"Ataikulia. Si ndivyo tunavyowanunulia viatu?"

"Na atavua wapi?"

Hapo alisita kidogo. "Bwawani. Nyuma ya nyumba ya mama yake. Hakuna mti, hakuna jiwe."

Basi nikaichagua fimbo kwa maneno yake na mshipi kwa bwawa lake. Nilihangaika wiki tatu. Pete za kupitishia mshipi nilizifunga kwa uzi wa rangi ya zambarau kwa sababu msichana wa miaka kumi na miwili atapenda zambarau. Kwenye rili nikaweka nailoni laini ya ratili kumi, yaani hukatika mzigo ukizidi hapo, ile inayonyumbuka. Mwanafunzi huvuta kwa pupa, na mshipi unaonyumbuka humsamehe. Haumchani vidole, haujifungi mafundo kama kiota cha ndege. Kwa bwawa lisilo na miti, unatosha kabisa. Juu ya mpini, chini ya vanishi, nikaandika kwa mkono wangu: *Maelyn, samaki wa kwanza mrudishe majini. Bibi Vee.*

Alipokuja kuichukua nilimwambia waziwazi. "Mshipi huu ni wa kujifunzia. Siku akija kuvua kwetu kwenye miti, niletee kwanza niubadilishe."

"Sawa, sawa," alisema. Alikuwa anasoma simu.

Sasa niseme habari ya miti. Kila Januari watu wakishatupa miti yao ya Krismasi, mimi na Hollis tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba na gari langu kuikusanya. Tunaifunga matofali ya saruji shinani, tunaizamisha futi kumi na nane chini, mahali tulipopajua sisi wawili tu. Samaki wadogo hujificha humo, wakubwa huwafuata. Miaka kumi na tisa ya Krismasi za watu iko pale chini. Mume wangu alipofariki, ule mwaka wa kwanza, sikusimamisha mti nyumbani, na Hollis alikuja na mti alioununua mpya dukani, bado una harufu, akasema tuuzamishe huo kwa ajili yake. Mtu aliyenifanyia hivyo ningempimaje kwa rula?

Wiki mbili kabla ya fainali alinipigia simu. Msimu mzima tulikuwa wa pili, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na nafasi ya kushika kombe lile ambalo tumelitazama kwenye meza ya wengine hadi tumezeeka. Akasema hatuwezi kwenda. Ukoo wa mke wake unakutana mjini Dothan Jumamosi hiyohiyo.

"Fainali, Hollis?"

"Nifanyeje, Vee? Ukimshinda mke wangu wewe, niite."

Niliumia, lakini nilimeza. Familia ni familia. Nikasema mwakani.

Jumamosi ile nilikwenda bandarini alfajiri kusaidia akina mama wa kanisa kuuza mikate ya soseji kwa wavuvi, maana kukaa nyumbani kungeniua. Jonelle, anayeandikisha washindani, aliponiona aliacha kalamu.

"Bi Verlene! Umeshaanza kutembea?"

"Kwani nilikuwa natambaa?"

"Goti lako. Hollis alisema umepasuliwa goti wiki iliyopita. Ameleta na barua ya kubadilisha mwenza, umeitia sahihi mwenyewe."

Aligeuza daftari nikaiona sahihi yangu. Haikuwa mbaya. Ilifanana na yangu, kama iliyoandikwa na mtu aliyeiona mara nyingi kwenye vipini vya fimbo.

Kisha nikamwona mwenyewe. Alikuwa amesimama kwenye boti mpya inayometameta, ina skrini nne kama chumba cha daktari, pamoja na Colby Renfroe, kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu, mikono kama makasia. Colby alikuwa ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto. Nilizijua pete zangu za zambarau kabla sijaujua uso wake. Juu ya mpini, pale nilipoandika, palizungushwa utepe mweusi.

Nikauelewa uzi wote, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole.

Hollis hakuniona, au aliniona akageuza kichwa. Boti ziliondoka. Ningeweza kumwambia Jonelle pale pale kwamba sahihi ile si yangu, wakaondolewa. Sijui kwa nini sikusema. Nadhani nilikuwa bado nangoja Hollis arudi anieleze. Badala yake nikapanda gari nikaenda darajani, mahali unapoweza kuona sehemu ile ya miti yetu, nikatoa darubini ninayotumia kuwindia kulungu.

Walikuwa palepale. Mgeni, juu ya Krismasi zangu.

Nilikaa saa mbili na kahawa iliyopoa. Mwishowe fimbo ilipinda. Ilipinda vizuri, jamani, polepole kutoka nchani hadi theluthi ya kati, ikasimama imara hapo kama nilivyoiunda. Kwa sekunde moja niliona fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko yote. Samaki aliruka juu ya maji, mkubwa, tumbo kama mtungi, halafu akazama kuelekea mitini. Hapo ndipo nilipokumbuka mshipi.

"Mwachie aende nje!" nilipiga kelele peke yangu darajani, kama mwendawazimu. "Usimvutie kwenye matawi, ni nailoni ya mtoto!"

Fimbo ikanyooka ghafla, mshipi umekatika. Colby akarudi nyuma hatua mbili. Hollis akatupa kofia yake sakafuni.

Kwenye mizani mchana walikuwa na samaki wanne badala ya watano, na walikosa kombe kwa ratili mbili. Yule aliyekata mshipi alikuwa na ratili nane, walisema. Nilikuwa nimesimama pembeni ya meza ya mikate Hollis aliponijia, uso mwekundu, fimbo yangu mkononi. Nilidhani anakuja kuomba radhi. Nilikuwa nimeshatayarisha hata namna ya kuukataa msamaha kwanza, halafu kuukubali.

"Uliweka mshipi mbovu," alisema. "Ulijua. Ulijua kitambo na ukanitegea."

Watu wakageuka kututazama.

"Nilijua nini, Hollis?"

"Ratili kumi! Nani anaweka nailoni ya ratili kumi kwenye fimbo kama hii? Wewe, unayejua mishipi kuliko mtu yeyote ziwa hili?"

"Niliuweka kwa ajili ya Maelyn," nikasema. "Wa bwawani, nyuma ya nyumba ya mama yake, hakuna mti, hakuna jiwe. Nikakwambia akija mitini uniletee nibadilishe. Ulikuwa unasoma simu."

Colby alikuwa amefika nyuma yake. "Maelyn ni nani?" aliuliza. "Bi Verlene, mzee aliniambia umenitengenezea mimi. Kwamba goti limekushinda, na hii ndiyo baraka yako kwangu."

"Utepe huo ni wa nini?" nikamuuliza.

"Alisema mpini umekwaruzika." Akaichukua fimbo kutoka mkononi mwa Hollis, akaubandua utepe kwa kucha. Akasoma. Akasoma tena kwa sauti ndogo, mpaka kwenye jina langu. Kijana akawa mwekundu hadi masikioni. "Mama, mimi niliuliza kuhusu mshipi," alisema. "Jana. Niliuona mwembamba. Akaniambia usiguse, aliyeuweka hajawahi kukosea."

Hilo lilinimaliza. Alinitoa botini mwetu, akaghushi jina langu, akampa mwingine miti yetu, na bado aliniamini kiasi cha kutokagua rili. Ni usaliti gani huo, unaolalia mto wa yule unayemsaliti?

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Sema ukweli mmoja tu leo."

Alitazama boti mpya. "Colby ana mashine ya kuwaona samaki, Vee. Mimi nina miaka sitini na nane. Nilitaka kushinda mara moja. Ningekwambia ungenikatalia fimbo."

"Ungeniambia," nikasema, "ningeweka mshipi wa ratili ishirini."

Na ndivyo ingekuwa. Ningelia, ningemtukana, lakini mkono wangu haujui kuchagua vibaya makusudi. Alipaswa kulijua hilo. Badala ya kunijibu alichukua ncha ya mshipi iliyokatika, akaivuta mbele ya macho, akaikagua inchi kwa inchi mbele ya watu wote. Miaka kumi na tisa hakuwahi kukagua mshipi wangu hata mara moja. Alianza siku ile.

"Njia ya mwongo ni fupi," Jonelle alisema nyuma yangu, akafunga daftari.

Colby alinikabidhi fimbo. Nilikwenda nayo nyumbani ikiwa imelala kwenye kiti cha mbele, anapokaa Hollis kila Januari.

Wiki nzima sikuigusa. Halafu nikampigia binti yake Hollis, mama yake Maelyn, kule Tennessee. Sikumwambia lolote kuhusu baba yake. Nilimuuliza kama kweli kuna bwawa nyuma ya nyumba.

"Lipo, shangazi Vee. Maelyn haliachi. Anavua kwa kijiti na uzi wa kushonea."

"Nipimie mkono wake. Kiwiko mpaka ncha ya kidole."

Alirudi kwenye simu akicheka, na nyuma yake nikamsikia mtoto akiuliza ni wa nini. Inchi kumi na tano na nusu. Mtoto wa kawaida, mkono wa kawaida, hajakua kama mahindi hata kidogo.

Nilifunga fimbo kwenye jiriwa nikachukua msumeno. Nililia nikikata, kwa hiyo nilikata polepole, inchi nne za mpini zilizokuwa za Colby zikaanguka sakafuni. Jina lilikuwa juu zaidi, halikuguswa. Nikasugua mabaki ya gundi ya utepe kwa kitambaa chenye mafuta mpaka maandishi yakang'aa, nikafunga sanduku, nikapeleka posta.

Mshipi sikuubadilisha. Ulikuwa wake tangu mwanzo.