Njiwa wa Kadi ya Dorah

Siku ndala yake ilipokatika gidamu, Kijakazi hakuitupa. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha duka la fotokopi mjini Shinyanga, mahali alipoajiriwa kutoa nakala za vyeti, na wateja siku hiyo hawakuwapo. Akakata kipande cha soli, akachora ua kwa kalamu, akalichonga kwa wembe, kisha akaligonga kwenye sponji yenye wino. Ua lilipotoka kwenye karatasi, tena zuri, aliligonga mara arobaini hivi nyuma ya nakala zilizoharibika, na mwenye duka alipouliza anafanya nini, akajibu kwamba anafanya biashara.

Mwaka mmoja baadaye ilikuwa biashara kweli. Kijakazi aliuza kadi za kutengeneza kwa mkono: za hongera, za pole, za watoto waliomaliza darasa la saba. Hakuna aliyemfundisha. Kila alichokijua alikijua kwa kuharibu karatasi. Muhuri wake wa kwanza wa maneno ulikuwa HONGERA, akauchonga kama unavyosomeka, na kwenye kadi neno likatoka limegeuka nyuma mbele. Mteja mmoja alilitazama sana, akauliza kama Aregnoh ni jina la Kizinza. Tangu hapo alichora kwanza kwa penseli kwenye karatasi, akailaza karatasi kifudifudi juu ya mpira na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, mchoro ukahamia kwenye mpira ukiwa umeshajigeuza wenyewe.

Alijifunza pia kwamba muhuri hauchovywi kwenye wino kama andazi kwenye chai. Hugongwagongwa juu ya sponji taratibu, la sivyo wino hujaa mferejini na waridi likawa kabichi. Ukikandamiza, kandamiza wima, hesabu mpaka tatu, inua wima. Ukitikisa mkono, kila ua hupata pacha. Kadi hukunjwa kabla ya kupigwa muhuri, si baada ya hapo, kisha huanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo mpaka wino ukauke. Na kubwa kuliko yote: mpira wote unaozunguka mchoro lazima uondolewe, kwa sababu hata kijino chembamba kilichosahaulika hunywa wino kama wenzake na kujionyesha kwenye karatasi.

Hilo la mwisho alipenda sana kuwaeleza watu, na ndilo lililomponza.

Mama Dorah alikuja kwake mwezi wa sita. Jina lake hasa lilikuwa Sesilia, mke wa Mzee Maduhu wa Didia, na binti yao alikuwa anaolewa na Cornel, kijana aliyekuwa na karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule Geita. Mama alitaka kadi za mwaliko mia na hamsini, karatasi ya rangi ya maziwa, wino wa damu ya mzee, kwa kuwa hiyo ndiyo rangi ya sherehe. Juu yake alitaka njiwa wawili wanaotazamana, na pete katikati ya midomo yao. Kadi za mtu mmoja ziwe na njiwa mmoja. Akasema pia kwamba hataki yale maneno ya Kizungu, singo na dabo, yanayowekwa kwenye kadi za mjini. Ndugu zake wa Didia wasome wenyewe bila mkalimani. Kwa hiyo chini ya ndege paandikwe MMOJA au WAWILI.

Kijakazi alinunua soli nene kwa Sostenes, fundi viatu wa jirani, akachonga njiwa mmoja anayetazama kulia na mwingine anayetazama kushoto. Pete aliipiga kwa kifuniko cha kalamu. Lakini wembe ulikuwa umeshakuwa butu, na kwa haraka ya kazi akaacha vijino vitatu vya mpira juu ya kichwa cha kila ndege. Alijaribu muhuri kwenye gazeti kuukuu, na humo vijino vikapotea katikati ya habari za michezo.

Kwenye karatasi safi havikupotea. Kadi ishirini za kwanza zilipokuwa zimeshaanikwa, aliwaona njiwa wake wakiwa na kitu chekundu utosini. Aliwatazama kwa muda mrefu. Moyoni akajiambia kwamba ni kama taji, na kwamba njiwa wa bibi harusi kuvaa taji si vibaya, inapendeza hata. Ile pete nayo ilikuwa imejaa wino ikawa kama punje, lakini kwa kuwa alishaamua kuridhika, aliridhika na hilo pia. Mama Dorah alipokuja kuzichukua alikuwa amesahau miwani. Aliziweka mbali na macho, akasema ni nzuri mno, akaondoka nazo.

Kadi zilisambaa Didia, Mhunze mpaka Geita. Aliyeanza kushughulika nazo kwa makini alikuwa Mwalimu Eustace, mstaafu wa Mhunze na binamu wa Maduhu, mtu asiyepokea karatasi bila kuisoma mara mbili. Kadi yake ilikuwa na kuku wawili wenye vilemba vyekundu wakigombea punje ya mahindi, na chini yao neno WAWILI. Mwalimu alielewa mara moja. Alichokuwa hana uhakika nacho ni jambo dogo, akampigia Maduhu simu kuuliza kama anayetakiwa ni jogoo au tetea. Maduhu alikuwa shambani na upepo ulikuwa mkali. Alidhani binamu yake anamwuliza kuhusu kitoweo cha siku ile, akajibu kwamba yeyote anafaa, mradi awe mnene. Jioni hiyohiyo Mwalimu aliliandika jibu hilo kwenye kundi la simu la ukoo, ambalo Maduhu na mkewe hawakuwamo, akaongeza kwamba limetoka kwa baba mwenyewe wa bibi harusi.

Siku ya harusi Kijakazi alifika Didia kwa bodaboda, amevaa dera jipya na amepakata seti ya vikombe. Maturubai yalikuwa yamefungwa kwenye ua wa Mzee Maduhu, na watu walikuwa wanatoka kanisani kwa makundi. Wengi wao walibeba kuku. Wengine kwapani, wengine kwenye matenga, na mama mmoja mwenye kitenge cha sare alikuwa na majogoo wawili, mmoja kila mkono, kama mtu aliyebeba ndoo za maji. Kijakazi alifikiri hiyo ni desturi ya Kisukuma ambayo hakuna aliyemwambia. Aliona aibu kwa vikombe vyake, akavisogeza chini ya mtandio.

Mlangoni alikuwepo Charles, mjomba wa bibi harusi, mtu wa utaratibu. Alimwitikia salamu, akaipokea kadi yake, akaisoma, kisha akamtazama mikono.

“Yako inasema mmoja,” alisema. “Yuko wapi?”

“Nani, mjomba?”

“Kuku.”

Charles alimgeuzia kadi ili ajionee mwenyewe. Kijakazi alikuwa ameipiga muhuri kadi hiyo kwa mkono wake, lakini hakuwahi kuitazama akiwa amesimama katikati ya kuku wa kweli. Kile kilemba, kile kifua, ile punje. Hapakuwa na njiwa popote. Akamwomba Charles radhi, akasema kuku wake anakuja na pikipiki ya nyuma, na Charles akaweka alama ya kusubiri kwenye daftari lake.

Alimkuta Mama Dorah nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Mama alikuwa amechanganyikiwa, akaanza kulalamika kabla hata ya shikamoo kumalizika. Alisema watu wa Geita wana mila nzito. Wamesafiri na kuku sitini na tatu bila kutoa taarifa, ndugu zake mwenyewe nao wamewaiga, na yeye hana pa kuwaweka kuku wote hao. Kumbe na wao wa Geita, alivyokuja kusikia Kijakazi baadaye, walikuwa wakinong'onezana njia nzima kwamba Wasukuma wana mila nzito. Kila upande ulimheshimu mwenzake, hakuna aliyeuliza.

Kijakazi akampa ile kadi, akamwomba avae miwani.

Mama Dorah alivaa. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

“Hawa ni kuku,” alisema.

“Ni njiwa, mama.”

“Kijakazi mwanangu. Hawa ni kuku.”

“Ndiyo, mama,” Kijakazi alisema, na machozi yakaanza kumtoka. Alieleza yote, wembe, gazeti, vijino, na jinsi alivyojidanganya kuhusu taji.

Mama Dorah hakumkaripia. Kilichomtia hofu ni maneno ya watu, kwamba familia imeomba kuku kwa kadi iliyopigwa muhuri. Alitaka mshehereshaji atangaze kosa palepale. Maduhu aliitwa, akaelezwa, akaishika kadi kwa heshima kama hati ya shamba. Alicheka kimyakimya mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akasema hakuna kutangaza. Mtu aliyempakata kuku kutoka Geita hawezi kuambiwa arudi naye. Huko ndiko kumwaibisha. Kuku ameshatolewa, kilichobaki ni kusema wabeja, asante ya Kisukuma.

Basi sherehe ikaendelea, na kuku wakaendelea nayo. Walifungiwa ghalani, lakini ghala halikuwa limejengwa kwa ajili ya sherehe, na kufikia wakati wa keki walikuwa wanatoka mmojammoja na kutembea chini ya meza za wageni. Maduhu aliposimama kutoa nasaha alianza kwa kusema, “Mwanangu Dorah,” na jogoo mmoja aliyekuwa juu ya spika akawika. Mzee ni mtu wa adabu, akamsubiri amalize. Akaanza tena, jogoo akawika tena. Mara ya nne Maduhu alimpa jogoo kipaza sauti, wageni wote wakapiga makofi, naye akaketi. Watu wa Didia husema mpaka leo kwamba ni nasaha bora kuwahi kutolewa katika kijiji kile, na fupi pia.

Dorah aliambiwa ukweli asubuhi iliyofuata. Alikuwa amepanga kwenda na mumewe kupumzika siku tatu Mwanza. Badala yake walirudi Geita na lori lenye kuku mia mbili na kumi na mmoja, na wiki yao ya kwanza ya ndoa ilipita wakijenga banda. Cornel, aliyezoea kelele za karasha, alikiri kwamba hajawahi kulala vibaya namna ile. Lakini hawakuuza hata mmoja mwezi ule wa kwanza, na kambi mbili za wachimbaji sasa hunywa chai kwa mayai yao.

Kijakazi alidhani kazi yake imekwisha. Haikuwa hivyo. Kabla mwezi haujaisha alifuatwa na mtu aitwaye Sabiti, mchuuzi wa dagaa aliyesafiri kutoka Nkome, kadi ya Dorah ikiwa mfukoni. Dada yake alikuwa anaolewa, naye alitaka kadi kama zile, ila badala ya kuku awe mbuzi. Kijakazi alimwuliza wazi kama anataka wageni waje na mbuzi. Sabiti alisema hana wazo kama hilo hata kidogo, anawapenda tu mbuzi tangu utotoni. Lakini kama kutatokea mtu atakayekosea kuelewa, yeye si mgomvi.

Safari hii alinunua wembe mpya. Alichonga siku mbili, akaondoa kila kijino, akajaribu kwenye karatasi safi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliipeleka karatasi hiyo kwa Mwamvua, muuza chapati wa pembeni, akamwuliza tu hiki ni nini, bila kumdokezea.

Mwamvua alifuta mikono, akatazama vizuri. Akasema ni mbwa, tena mzuri, na mpole.

Mpira ukishakatwa haurudishwi. Kijakazi alirudi kwa Sostenes kununua soli nyingine, akaketi kibarazani, akaanza na pembe.